Daktari Seagrave wa Burma



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, habari ambazo kijana wa kidato cha tatu anaweza kuzisoma mpaka mwisho bila kusinzia. Nilipewa uhuru wa kuchagua. Najua wengi wenu mlitazamia nichague mtawala au mshairi. Nimemchagua daktari, tena daktari wa nchi ya mbali, na hapana budi nieleze kwanza jinsi nilivyomfikia.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za kule, matope yakiwafika magotini, hata mwezi Desemba ikaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jambo alilopenda kulisimulia ni ndege. Katika bonde lile chakula kilitoka juu kwa miavuli, na siku nyingine ndege yenyewe ndiyo iliyoanguka. Basi alikuwa akituuliza wajukuu: mtu akianguka na ndege katika msitu ule, mguu umevunjika, ni nani atakayemtoa na ni nani atakayemtibu? Hakuwa na jibu, nasi hatukuwa nalo. Baada ya kutoka Chuo Kikuu na kuingia katika utumishi wa serikali, nilianza kulitafuta jibu hilo katika vitabu, jioni baada ya kazi. Kila nilipogusa habari za majeruhi wa Burma nilikutana na jina lile lile: Gordon Seagrave.

Nchi hiyo sasa inaitwa Myanmar, na mji wake wa Rangoon unaitwa Yangon. Mimi nitatumia majina ya zamani, kwa sababu ndiyo aliyoyajua mtu ninayemwandika.

Gordon Stifler Seagrave alizaliwa Rangoon tarehe 18 Machi 1897. Wazazi wake walikuwa Wamarekani, wamisionari wa Kibaptisti, na kabla yao mababu zake walikuwa wamefanya kazi hiyo hiyo katika nchi hiyo hiyo. Alikua akisema Kikaren, lugha ya watu waliokaa karibu na wazazi wake. Kwa hiyo ingawa pasi yake ilikuwa ya Marekani, Burma haikuwa ugenini kwake. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana mbele kidogo litakuja kuleta matata mahakamani.

Alipelekwa Marekani kusoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Denison katika jimbo la Ohio, kisha akasomea udaktari Johns Hopkins, akamaliza mwaka 1921. Alipokuwa akifanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja ya mji wa Baltimore, aliona jinsi wapasuaji wa kule walivyotupa vifaa vilivyoanza kuchakaa: makasi yaliyolegea, koleo zilizopinda, visu vilivyopungua ukali. Yeye aliviokota katika kapu la taka, akavitunza. Mwaka 1922 alipofika Namkham pamoja na mkewe Marion, vifaa hivyo vya jalalani ndivyo vilivyokuwa chumba chake cha upasuaji. Baadaye alikitumia kisa hicho katika jina la kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1930.

Namkham ni mji mdogo wa Jimbo la Shan, katika bonde la mto Shweli, mpakani kabisa na China. Alikuta jengo bovu la mbao lililoitwa hospitali. Wagonjwa walikuwa wa malaria, kuhara damu, tauni, na wengi wenye rovu, kama ilivyo katika nchi nyingi za milimani ambako chumvi haina madini ya aidini. Fedha zilizotoka kwa wafadhili zilikuwa kidogo. Basi akaamua kujenga hospitali kwa kitu kisichouzwa, yaani mawe ya mviringo yaliyotapakaa mtoni. Yeye mwenyewe, wafanyakazi wake, hata wauguzi, waliyabeba mawe hayo. Jengo la mawe likasimama.

Lakini jengo si kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ilikuwa wauguzi. Alichukua wasichana wa Kikachin, wa Kishan, wa Kikaren na wa makabila mengine, wengi wao wakiwa na elimu ndogo tu ya shule za vijijini, akawafundisha. Hakuwafundisha kutandika vitanda peke yake. Aliwafundisha kuzalisha, kutoa dawa ya usingizi, kusimama mezani kama wasaidizi wa mpasuaji, na kufanya upasuaji mdogo yeye asipokuwapo. Makabila hayo hayakuwa yakipendana sana nje ya ukuta wa hospitali. Ndani ya ukuta walilala chumba kimoja na kula chungu kimoja. Sisi tuliolala mabweni ya shule hii na wenzetu wa kila mkoa tunaweza kufahamu maana yake bila maelezo marefu.

Nisimpambe kupita kiasi. Seagrave alikuwa mwepisi wa hasira, mwenye ulimi mkali, na mvutaji sigara mkubwa. Kwa wauguzi wake alikuwa kama baba, na ubaba huo ulikuwa na harufu ya ukoloni ambayo msomaji wa leo hataikosa. Hata wamisionari wenzake hawakukaa naye kwa raha, na hatimaye aliachana na misheni, akawa anaiendesha hospitali kwa michango aliyoitafuta kwingine.

Vita vilimfuata kwa njia ya anga. Maili chache kutoka Namkham, ng'ambo ya mpaka, mahali paitwapo Loiwing, palikuwa na kiwanda cha ndege kilichojengwa na Wamarekani kwa ajili ya serikali ya China. Tarehe 26 Oktoba 1940 ndege za Japani zilikipiga mabomu, na majeruhi wakamiminika kwa Seagrave. Huo ndio ulikuwa mtihani wa kwanza wa wale wasichana: si rovu tena wala uzazi, bali watu waliochanwa na vyuma, wengi kwa wakati mmoja. Mwaka 1942 Loiwing ikawa uwanja wa marubani Wamarekani wa kujitolea waliopigana upande wa China, wale waliojulikana kwa jina la Chui wa Angani, hata Wajapani walipousogelea mwishoni mwa Aprili.

Mkewe na watoto walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda Marekani. Yeye alibaki. Mwanzo wa mwaka 1942 aliunda kikosi cha hospitali ya kutembea, kwa magari, pamoja na wauguzi wake na vijana Waingereza wa dhehebu la Quaker ambao imani yao iliwakataza kushika bunduki lakini haikuwakataza kuendesha gari la wagonjwa penye risasi. Walihudumia majeshi ya China yaliyokuwa yakirudi nyuma, karibu na Pyinmana na kwingineko. Mwezi Aprili jeshi la Marekani likampa cheo cha meja.

Mapema mwezi Mei mambo yaliharibika kabisa. Jenerali Joseph Stilwell, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa majeshi hayo, alikataa kuondoka kwa ndege akaamua kutembea mpaka India. Msafara wake ulikuwa na watu 114: Wamarekani, Waingereza, Wachina, Wahindi, na wauguzi wa Burma pamoja na daktari wao. Walitupa magari, wakafuata vijito, maji yakiwa mapajani. Seagrave alikuwa na vidonda vya miguu na malaria, akatembea hivyo hivyo, jioni akiwatazama wagonjwa. Maofisa wengine walikuwa wamedhani wauguzi watakuwa mzigo. Ilikuwa kinyume. Wasichana hao waliimba njiani, walifunga miguu ya wanaume, na walipofika mto Uyu walisuka mapaa ya majani juu ya mashua za mianzi ili wagonjwa wasiunguzwe na jua. Tarehe 20 Mei 1942 msafara ukaingia Imphal bila kupoteza mtu hata mmoja. Katika mwezi huo huo maelfu ya wakimbizi wengine walikuwa wakifa katika njia za jirani. Tofauti ilikuwa chakula kilichopimwa, mwendo uliopangwa, na watu wa tiba ndani ya msafara.

Huko India alipelekwa Ramgarh, kambi ambapo askari wa China walifunzwa upya, na mwaka 1943 akaingia milima ya Wanaga, ambako barabara ya kutoka Ledo ilikuwa ikichongwa kurudi Burma. Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la babu yangu, au tuseme sehemu ya jibu.

Burma ilipokatwa, China ilibaki na njia moja tu ya kupokea silaha na petroli: ndege kutoka Assam kwenda Kunming juu ya milima ambayo marubani waliiita Nundu. Takriban ndege 600 zilipotea katika njia hiyo hata vita vilipokwisha, na zaidi ya watu 1,600 walikufa au hawakuonekana tena. Kiasi cha 1,200 waliokolewa au walitoka msituni kwa miguu yao. Mwanzoni hapakuwa na mpango wowote wa kuwatafuta. Mtu aliyeruka na mwavuli alinaswa juu ya miti mirefu, na kujikata kamba kulimaanisha kuanguka tena, mara ya pili bila mwavuli. Kwa hiyo vifundo vya miguu na mapaja yaliyovunjika yalikuwa majeraha ya kila siku. Wengine waliungua kwa petroli. Baada ya hapo msitu ulifanya kazi yake: ruba, malaria, vidonda kuoza, na homa ya taifasi iletwayo na utitiri wa majani, ambayo wakati ule haikuwa na dawa. Rubani alibeba kitambaa chenye maandishi ya lugha nyingi kumwomba mwenyeji amsaidie. Ni jambo zuri, lakini lilifaa tu pale ambapo mwenyeji alijua kusoma.

Tarehe 2 Agosti 1943 ndege moja ya aina ya C-46 iliharibika injini juu ya milima hiyo. Kati ya watu 21 waliokuwamo, 20 walinusurika kwa kuruka, mmoja wao akiwa Eric Sevareid, mtangazaji maarufu wa redio ya Marekani. Siku hiyo hiyo daktari wa jeshi la anga, Don Flickinger, pamoja na wasaidizi wawili, waliruka kwa miavuli kuwafuata majeruhi huko huko chini. Wanaga wa upande ule walijulikana kwa kukata vichwa vya maadui. Hata hivyo waliwapokea, na baada ya majuma kadhaa wageni walitoka kwa miguu. Tokea hapo uokoaji ukaanza kupangwa kama kazi kamili. Nao Wakachin, ndugu wa wauguzi wa Seagrave, waliokuwa wakipigana nyuma ya mistari ya Wajapani, waliwatoa marubani wanaofikia 400.

Mwezi Aprili 1944 rubani Mmarekani, Carter Harman, alitumia helikopta katika msitu wa Burma kumchukua rubani mwenzake aliyeanguka na askari watatu Waingereza, mmoja mmoja, maana chombo chenyewe hakikuweza kubeba zaidi. Ndiyo mara ya kwanza helikopta kutumika hivyo vitani. Leo tunaona helikopta ya wagonjwa katika picha na kudhani imekuwapo siku zote.

Lakini wengi hawakuokolewa na helikopta. Waliokolewa na ndege za kawaida za mizigo, na mahali pa kuliona jambo hili ni Myitkyina, jina ambalo wenyeji hulitamka karibu na Michina. Uwanja wa ndege wa mji huo ulitekwa tarehe 17 Mei 1944. Mji wenyewe, ulio karibu kabisa, haukutekwa mpaka tarehe 3 Agosti. Siku hizo zote katikati, kikosi cha Seagrave, kilicholetwa kwa ndege muda mfupi baada ya uwanja kutekwa, kilipasua watu kando ya uwanja huo, chini ya mahema na vitambaa vya miavuli, mvua ikinyesha na mizinga ya Wajapani ikifika. Ndege zilizoharibika zilitapakaa pembeni. Zile zilizoshuka salama zilileta risasi na chakula, zikageuza, zikapakiwa machela.

Hapa pana jambo ambalo mimi, mtu wa mafaili na bajeti, nilistahi nilipolielewa. Seagrave hakujaribu kumtibu kila mtu mpaka apone. Alichagua. Aliyevuja damu tumboni alipasuliwa hapo hapo, kwa kuwa safari ingemwua. Aliyevunjika mguu alifungwa ubao, akapewa dawa ya maumivu na kuwekwa ndegeni, kwa kuwa baada ya saa chache atakuwa Assam, katika Hospitali Kuu ya 20 ya Wamarekani pale Margherita, chini ya mpasuaji mkuu Isidor Ravdin, ambako wagonjwa wa taifasi walilazwa hata katika vyumba vilivyopozwa kwa mashine. Daktari wa mstari wa mbele alitakiwa kufanya kidogo, kwa haraka, na kwa usahihi. Kuchagua nani asubiri ni kazi nzito. Wengine waliosubiri walikufa, naye alilijua hilo, akaendelea kuchagua siku iliyofuata. Wauguzi walikuwa wakilala kwa zamu, kama walilala.

Namkham ilikombolewa Januari 1945, naye akarudi na cheo cha luteni kanali. Hospitali ya mawe ilikuwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu. Mawe ya mto yana faida moja: hayaungui. Ilijengwa tena.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo vitabu vya sifa hupita haraka. Burma ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948, na mwaka uliofuata ikawa katika moto wa maasi ya kila upande, hata serikali ikaitwa kwa dhihaka serikali ya Rangoon tu. Mmoja wa walioasi alikuwa Naw Seng, kapteni wa Kikachin aliyekuwa shujaa wa vita dhidi ya Wajapani. Majeshi yake yalifika hadi Namkham. Hospitali ikapokea majeruhi wake kama ilivyopokea wa serikali. Waasi waliposhindwa na kukimbilia China, serikali ilimkamata daktari, Agosti 1950, kwa shitaka la uhaini: kwamba aliwasaidia waasi, ikiwa ni pamoja na kuwapa vifaa vya tiba. Januari 1951 mahakama maalumu ilimhukumu kifungo cha miaka 6 na kazi ngumu. Alikuwa na umri wa miaka 53, afya yake ikiwa imekwisha kudhoofika.

Niliisoma kesi hii mara mbili, na mara zote mbili niliona vigumu kuidharau serikali ya Burma. Dola ya miaka miwili, iliyokaribia kuangushwa, ina haki ya kuuliza mgeni mwenye urafiki mkubwa na kabila lililoasi alikuwa akifanya nini mpakani. Kama ningekuwa ofisa wa wilaya pale Namkham mwaka 1949, huenda nami ningeandika taarifa ya siri juu yake. Lakini ofisa anayeandika taarifa si hakimu. Mwenye jeraha aliyeletwa mlangoni hana sare tena, na daktari akianza kuuliza kadi ya chama kabla ya kuosha kidonda, basi hospitali imekuwa kituo cha polisi. Upande wa pili, kutibu jeraha ni kitu kimoja, na kumkabidhi kiongozi wa waasi vifaa aondoke navyo ni kitu kingine. Mstari kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na mtu mwenye hasira za haraka na huruma za haraka kama Seagrave hakuwa mtu wa kuupima kwa rula.

Alikata rufaa. Kwanza kifungo kikapunguzwa sana, na kabla ya mwaka 1951 kwisha Mahakama ya juu kabisa ya Burma ikaifuta hukumu yenyewe. Majaji waliofanya hivyo walikuwa Waburma, wa dola ile ile changa iliyomshitaki, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Jambo hilo halitajwi vya kutosha.

Angeweza kupanda meli kwenda Marekani, na jamaa zake wengi walitazamia hivyo. Alirudi Namkham. Akafundisha wauguzi wengine, mabinti wa wale wa kwanza wakiwamo, akapasua, akavuta sigara zake, akagombana na watu, akaandika barua za kuomba fedha. Mwaka 1962 Jenerali Ne Win aliipindua serikali na milango ya nchi ikaanza kufungwa kwa wageni. Yeye aliachwa akiendelea na kazi. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alifariki Namkham tarehe 28 Machi 1965, siku kumi baada ya kutimiza miaka 68, akazikwa huko huko. Baadaye hospitali ikachukuliwa na serikali, na wauguzi waliokuwa zamu siku hiyo wakaendelea kuwahudumia wagonjwa waliokuwa vitandani.